Ulichokuwa Ukitafuta Mumoni

Mwende,

Salamu zetu zote huuliza habari, na habari zako ninazijua: niliziona zikiteremshwa kutoka mlima wa Mumoni ndani ya blanketi. Kwa hiyo naomba niruke salamu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tukichekea tangu shule ya bweni, wewe ukinisahihisha na mimi nikikusahihisha, na wote wawili tukiwa tumekosea. Jana nilijaribu kwa Kikamba. Nilifika kwenye jina lako nikashindwa kuendelea.

Kuna mambo yametokea tangu tukuzike, na mengine nimeyaleta mimi. Nataka uyasikie kutoka kwangu. Najua wafu hawasomi barua. Niache tu.

Nianze na kwenu. Mwaitu, mama yako, yupo. Amekonda, lakini shamba analima, na bado anawapa mbuzi majina ya watu aliogombana nao. Kaka yako Musyoka amehamisha zizi, maana lile la zamani fisi walikuwa wamelizoea. Binti yake Kavata sasa anaongea sentensi nzima bila kupumzika, ila kifua chake ni kile kile, kinapiga filimbi kila upepo wa vumbi ukianza. Nitarudi kwa Kavata. Yeye ndiye aliyeumia kwa maneno yangu.

Kwetu Sultan Hamud hakujabadilika. Treni inapita, vikombe vinatetemeka kwenye rafu za duka, Mama anavishika bila kuangalia. Siku moja aliniuliza, "Na yule rafiki yako mwembamba, mbona haji tena?" Kisha akakumbuka. Alijifunika mdomo kwa kanga, akaingia ndani, na mteja akabaki amesimama na chupa yake ya mafuta ya taa.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulirudi kutoka likizo na jani la mtunguja ndani ya kitabu. Mtunguja, Mwende, kile kichaka cha miiba chenye vitunda vya manjano, ambavyo watoto wote wa Ukambani wamerushiana na kupigwa kwa ajili yake. Nilikuuliza kama kwenu Tseikuru hakuna zawadi nyingine. Ulichuma jani jingine la mtunguja nyuma ya mabweni yetu pale chuoni Nairobi, ukaniambia nifumbe macho, ukapitisha moja kwenye shavu langu la kulia na jingine la kushoto. La kwenu lilikuwa kama blanketi la mtoto. La Nairobi lilikuwa jani tu. "Mmea ni mmoja," ukasema. "Mbona mmoja amevaa na mwingine yuko uchi?"

Halafu tukaenda kwenye hadubini. Ulitazama wewe kwanza ukakaa kimya mpaka nikakusukuma. Nilipoweka jicho nikaona nyota. Jani zima la Tseikuru lilikuwa limejaa nyota ndogo nyeupe, kila moja juu ya kijiti chake, zimebanana mpaka kijani hakionekani. Jani la Nairobi lilikuwa nazo pia, lakini zimetawanyika kama watu wa kanisani siku ya mvua. Yule mwenzetu kutoka Lamu alitufundisha kwamba kwao nywele laini za mwilini huitwa malaika, na wewe juma zima ukawa unauliza kila mtu kama ameona malaika wa majani.

Mwalimu wetu alikubali tuifanye kazi yetu ya mwaka wa mwisho. Mumoni ulichagua wewe kwa sababu ni kwenu, na kwa sababu pale mtu anaondoka kwenye tambarare ya joto na anaweza kugusa ukungu siku hiyo hiyo. Wazo lako lilikuwa safi. Chini, kwenye jua kali na upepo mkavu, jani linahitaji nywele: zinarudisha mwanga, zinashika hewa kidogo yenye unyevu karibu na ngozi yake ili upepo usilinyang'anye maji. Ukipanda kunapoa, ukungu unakuja, nywele zinapungua. Hatua kwa hatua, ulisema, kama mtu anayevua koti akiingia nyumbani. Ulikuwa na hakika hata kabla hatujafungasha magazeti ya kukaushia majani.

Na kweli zilikuwa zinapungua. Uliziona mwenyewe. Kila tuliposimama ulichuma jani, ukaligusisha kwenye mdomo wako wa juu, ukasema, "Zimepungua," ndipo ukatoa lenzi kuhakikisha. Mimi nilikuwa napiga chafya, maana zile nywele zinang'oka na kuingia puani, na Musyoka, aliyetuonyesha njia, alikuwa anacheka akisema amesomesha dada yake mpaka amekuwa mbuzi.

Ile sehemu ya juu siandiki kirefu. Ukungu. Mwamba uliolowa. Mtunguja wa mwisho ukingoni, pale ambapo miti imeisha na upepo unapiga. Ulinigeukia ukasema, "Huyu ndiye atakuwa uchi kabisa, utaona." Nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya mbao za kukaushia. Nilipoinua kichwa hukuwepo. Musyoka alikuwa ameshaanza kukimbia.

Yeye ndiye aliyekubeba, Mwende. Hakukubali mtu mwingine akupokee mpaka chini.

Sasa nakuja kwenye mazishi.

Watu walikuja wengi mno. Ulikuwa mwaka wa ukame, nyasi zimekwisha, na bado walikuja kwa miguu, akina mama wamebeba maji kwa sababu walijua kwenu hayatatosha. Baada ya kwaya, mjomba wako Kilonzo akasimama, yule mrefu anayeongea kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto. Hakusimama kwa ubaya. Alisema, "Huyu mtoto tulimsomesha sisi sote. Kila boma lilitoa mbuzi. Rafiki yake yuko hapa. Tunaomba atuambie, tuelewe. Mtoto wetu alienda kutafuta nini kule juu mpaka akafa?"

Nikasimama. Neno lilikuwa mdomoni, Mwende. Nywele. Nywele za majani ya mtunguja. Nikawaangalia wale akina mama na midomo yao iliyokauka. Nikamwangalia Mwaitu kwenye kiti cha mbele, mgongo umepinda. Kavata alikuwa mapajani mwa mama yake, anakohoa. Nikajisikia nikilisema lile neno, nikawaona wakitazamana, na nikamsikia mtu wa nyuma akirudia polepole: nywele?

Nikasema, "Alikuwa anatafuta dawa. Dawa ya kifua."

Walivuta pumzi wote pamoja. Ilikuwa sauti nzuri, sitakudanganya. Mjomba wako alivua kofia. Mchungaji aliacha mahubiri aliyokuwa ameandaa, akahubiri juu ya mtu anayetoa uhai wake kwa ajili ya watoto wa wengine. Na Mwaitu alinyooka. Nilimwona akinyooka, kama mtu aliyetuliwa mzigo, akatazama mbele mpaka mwisho.

Nami nikakaa chini nimefarijika. Nimejaribu kuliandika hilo kwa njia nyingine na sijaipata. Ulikuwa sandukuni mbele yangu na mimi nilifarijika.

Nilirudi chuoni. Majani yetu niliyaweka chini ya kitanda, sikuyafungua. Mwalimu alinipa muda zaidi, akaniambia pole, akasema hakuna haraka. Likizo ndefu ilipofika nikaenda nyumbani kumsaidia Mama dukani, na hapo ndipo Musyoka alipotokea mlangoni.

Alikuwa amevaa koti lile la mazishi. Amekuja njia yote kutoka Tseikuru mpaka Sultan Hamud kuniona mimi. Alitoa kibuyu cha asali mfukoni, akakiweka juu ya meza ya duka kwa mikono miwili. "Mwaitu amekutumia," akasema. Mama alimpa chai. Aliinywa yote kwanza, kwa adabu, ndipo akaanza.

"Nimekuja unipe kipimo."

"Kipimo cha nini?"

"Cha dawa ya Mwende. Tulimchemshia Kavata, tukakosea kipimo. Alitapika, macho yakageuka, akalala tukawa hatuwezi kumwamsha. Tulimkimbiza zahanati, na wao wakatupeleka hospitali ya Mwingi. Daktari alitugombeza sana. Lakini yeye si hajui hii dawa? Nyinyi ndio mlikuwa mnaisomea. Sasa mtoto amepona, ila kifua kimerudi. Mwaitu akaniambia, nenda kwa Nduku, yeye alikuwa na Mwende, anajua ni majani mangapi."

Majani mangapi, Mwende. Mtunguja! Sote tulikua tukiambiwa tusiulambe hata tunda lake. Lakini Musyoka alikuwa ameona tulichokuwa tukichuma, na msomi alikuwa amesimama kaburini akasema kule juu kuna dawa, na msomi huyo ni mimi.

Nikasema, "Musyoka, hakuna kipimo."

Alifikiri kidogo. "Yaani mlikuwa hamjafika hapo."

Alinifungulia mlango mwenyewe, bila kujua. Nami nikaingia. Nikasema, "Ndiyo. Hatukuwa tumefika hapo. Msiitumie tena kwanza."

Uso wake ukatulia. "Hiyo ni sawa. Basi tutangoja umalize. Nitamwambia Mwaitu awaambie na wale wengine wangoje."

"Wengine gani?"

"Si watu wengi wanachuma? Hata sokoni iko. Wanaiita dawa ya Mwende."

Mama alikuwa anapima sukari nyuma yangu. Nilisikia kijiko kimesimama. Nafikiri yeye alikuwa ameshaelewa; mama yangu husikia uongo wangu kabla mimi sijamaliza kuutengeneza. Alingoja.

Nikamwambia Musyoka yote. Kwamba hapakuwa na dawa, wala hatukuwahi kufikiria dawa. Kwamba nilisema vile kwa sababu niliulizwa mbele ya watu na nikaona haya.

Alisukuma kikombe kitupu pembeni. "Kwa hivyo dada yangu alikuwa anatafuta nini?"

"Nywele za majani."

"Nywele."

"Alitaka kujua kama zinapungua mmea ukiwa juu zaidi."

Nilingoja anipige, Mwende, na ningefurahi. Alisimama, akafunga vifungo vya koti, vyote mpaka cha juu, na jua lilikuwa kali. Akasema, "Yeye nilimbeba mimi. Hii utabeba wewe. Twende ukamwambie Mwaitu."

Tulipita Machakos na Kitui mjini. Kutoka Mwingi tulipanda lori la mifugo lililokuwa linarudi tupu, tukakaa nyuma juu ya magunia, na upepo ulipozidi akavua lile koti akanirushia bila kunitazama. Nilitamani asingefanya hivyo. Ukiwa na hatia, wema wa mtu unawasha kama upupu.

Mwaitu alikuwa uani anapepeta kunde. Aliponiona aliacha ungo ukaanguka. Alinishika uso kwa mikono yake yenye vumbi la maganda, akasema, "Mwanangu, umeleta kipimo." Kavata akaja mbio, akanikumbatia miguu. Hakukumbuka mimi ni nani. Alikuwa amefurahi tu kwamba kuna mgeni. Nilisikia ile filimbi kifuani mwake hata kabla hajaongea.

Nilimwambia Mwaitu nimesimama. Alinitaka nikae, nikakataa. Nilisema haraka, kwa mpangilio mbaya, nikianza na aibu yangu na kumalizia na mtoto, wakati ilipaswa nianze na mtoto. Nilipomaliza aliinama akaanza kuokota kunde zilizomwagika. Moja moja. Musyoka alitaka kumsaidia, akamzuia kwa mkono.

Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Ulimwonea mtoto wangu aibu."

Nilikuwa nimejiandaa kuitwa mwongo. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa nilikaribia kumwua Kavata. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Ndiyo, Mwaitu."

"Mbele yangu."

"Ndiyo."

"Mimi nilizika daktari. Nilijiambia, sawa, Mungu amechukua daktari wangu. Nikalilia daktari. Kila nikiamka nalilia daktari, na moyo unakataa, najiuliza mbona machozi hayaingii mahali pake. Sasa unaniambia nilikuwa nalilia mtoto wa uongo." Akaketi chini palepale. "Nirudishie wangu."

Nikakaa na mimi, mavumbini, nikamwambia. Nilimwambia juu ya jani ndani ya kitabu, na shavu la kulia na la kushoto. Nilimwambia ulivyokaa kimya kwenye hadubini. Nilimweleza nywele ni za nini, kwa Kikamba, na nilipokosa maneno nilimwonyesha kwenye manyoya ya mbuzi aliyekuwa karibu, jinsi yanavyoshika joto, jinsi yangeweza kushika unyevu. Nilimwambia jinsi ulivyokuwa ukigusisha jani kwenye mdomo wa juu. Hapo alicheka kidogo, akajizuia.

"Na ilikuwa na faida gani?" akauliza.

"Sijui, Mwaitu."

"Yeye alijua?"

"Hapana. Sidhani aliwahi kujiuliza. Alitaka tu kujua iko namna gani."

Aliweka ungo kando. Akaniambia kwamba ulipokuwa na umri wa Kavata ulikaa mchana mzima kwenye shimo la siafu, mbuzi wakaingia shamba la jirani wakamaliza mbaazi, ukapigwa, na ulipokuwa bado unalia ukamwuliza kwa nini siafu wanambeba mwenzao aliyekufa. "Nilimpiga tena kwa kuuliza," akasema. "Huyo ndiye wangu. Huyo."

Kisha akalia. Kwenye mazishi hakulia hivyo. Musyoka alimchukua Kavata wakaenda upande wa zizi. Mimi sikujua niende wapi. Nilitaka kumshika mkono, akautoa, akasema, "Nipishe kidogo," nikatoka nje ya ua nikasimama kwenye jua kama mtu aliyekuja kuuza kitu na kukataliwa.

Jumapili nilisimama kanisani. Niliomba mwenyewe, na mchungaji alikubali, ingawa uso wake ulionyesha angependa nisahau. Nilisema kwamba mtunguja ni sumu, uwe wa bondeni au wa kileleni, kwamba nilidanganya kaburini, na kwamba marehemu hakuhusika na uongo ule. Nilisema alikuwa akisoma nywele za majani. Na walitazamana, Mwende, vile vile nilivyoogopa. Na mtu wa nyuma alirudia lile neno, vile vile. Kuna vijana walicheka.

Mjomba wako Kilonzo akasimama. "Kwa hivyo sisi tulitoa mbuzi kwa sababu ya nywele?"

Mwaitu akamjibu kutoka kwenye benchi, hakusimama hata kidogo. "Ndiyo. Na wako alikuwa anachechemea."

Kanisa zima likaangua kicheko, na mjomba wako naye, akakaa. Lakini usifikiri niliokolewa. Nilipotoka nje kuna bibi mmoja alinivuta pembeni akaniambia kwa hasira kwamba yeye anatumia dawa ya Mwende na kifua chake kimefunguka, na nisirudi tena kumharibia jina marehemu. Nilimsihi. Alifunga leso yake akaondoka. Nilienda na Musyoka boma kwa boma siku zilizofuata, na si wote waliotufungulia. Sokoni watoto walinifuata nyuma wakiimba, "Nywele! Nywele!" Nilitembea polepole wamalize. Kavata tulimrudisha Mwingi, na sasa ana dawa ya kweli ya kuvuta kwa mdomo; haimponyi, inampunguzia. Yule daktari aliponiangalia akauliza, "Ni wewe uliyewaambia?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kuandika, na mimi nikabaki nimesimama hapo.

Musyoka ndiye aliyesema twende Mumoni. Mimi nisingethubutu. Asubuhi moja alikuwa mlangoni na panga na kibuyu cha maji. "Si ulisema hamkumaliza," akasema.

Tulisimama pale tuliposimama na wewe. Nilichuma, nikagusisha mdomoni, nikapiga chafya. Chini, blanketi. Katikati, nyepesi zaidi. Ndani ya msitu wa juu, mahali penye giza na matone, mtunguja ulikuwa karibu uchi, kijani kinang'aa, kama ulivyosema. Nilijivunia wewe mpaka nikaketi kwanza.

Halafu tukatoka kwenye miti, kwenye mwamba, upande wa upepo. Musyoka alinifunga kamba kiunoni akashika ncha yake, sikuuliza. Nikachuma jani la ule mtunguja wa mwisho. Nikaligusa.

Ulikosea, Mwende.

Nywele zilikuwa zimerudi. Nyingi, nene, nyeupe karibu kama za tambarare. Nilitoa lenzi, nikaangalia nikaangalia tena. Nikazunguka mwamba, nyuma yake, mahali ambapo upepo haufiki, na hapo mtunguja ulikuwa laini kama wa msituni, na urefu wa mlima ni ule ule. Kwa hiyo si kupanda tu. Upepo umo, na jua la juu lisilo na kivuli, na baridi labda, na udongo ulio kiganja kimoja juu ya jiwe. Sijui bado ni lipi linafanya nini. Mlima mmoja hautoshi kusema.

Nitakuambia kitu kingine cha aibu. Nilifurahi. Pale pale, kwenye ukingo ule ule, nilifurahi kwamba umekosea, kwa sababu jambo lilikuwa zuri kuliko tulivyofikiri, na nikageuka kukuita. Nilifungua mdomo nikasema "Mwe—", na Musyoka akakaza kamba.

Baadaye nilimweleza. Alilipitisha jani la upepo kwenye shavu lake lenye ndevu, halafu lile la nyuma ya mwamba. Alifanya hivyo mara nyingi. Akasema, "Hatua kumi hazifiki kati yao." Tukashuka.

Jioni nilimwambia Mwaitu. Alitaka kujua hasa ulikosea wapi, nikamchorea mlima mavumbini kwa kijiti. Akautazama. "Angekasirika," akasema.

"Sana."

"Angenuna, akakataa kula. Halafu angerudi kuangalia tena."

Kazi imeandikwa sasa. Jina lako liko mbele ya langu, kwa sababu swali lilikuwa lako. Mwalimu aliuliza kama nataka kuweka maneno machache ya kumbukumbu kuhusu ulivyofariki, nikaandika kwamba ulikufa ukichuma jani la mtunguja ili kuangalia nywele zake. Alisoma akaniuliza kama sitaki kuyatengeneza vizuri kidogo. Nikamwambia hapana.

Nilipoondoka Tseikuru Mwaitu alinisindikiza mpaka barabarani. Alitembea mbele yangu. Lori lilipoonekana kwa mbali akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha, "Sijakusamehe."

"Najua, Mwaitu."

"Mvua ikinyesha uje. Mikono ya kupanda haitoshi."

Hakungoja lori lifike. Alirudi nyumbani, akiwafokea mbuzi.

Basi naahidi hilo, Mwende, sina kubwa zaidi la kukuahidi. Naogopa kwenda. Naogopa njia, naogopa watoto wa sokoni, naogopa zaidi kukaa uani na yeye wakati hakuna la kusema. Lakini mawingu yameanza kukusanyika upande wa Kitui, Mama amenifungia sukari na majani ya chai ya kumpelekea, na nimeshaulizia lori. Nitapanda mstari nitakaopewa. Akinigombeza nitainama niendelee kupanda. Na Kavata akija kuniuliza mimi ni nani, nitamwambia.

Lala salama, rafiki yangu. Nakuacha hapo kwa leo, nikajifunge kanga, nikapange mzigo.

Wako,
Nduku